Feni ya Mzee Ilipewa Kompyuta

Mama Wariara, hujambo. Nimesoma ukurasa wako huu wa ushauri tangu nikiwa msichana, na siku zote nilidhani wanaokuandikia ni watu wasio na jamaa wa kuongea nao, kumbe sivyo, mimi nina jamaa wengi na hakuna hata mmoja ninayeweza kumweleza haya, kwa hivyo nivumilie maneno yakifuatana bila kupumua, ndivyo yalivyo kichwani mwangu. Ukichapisha, badilisha majina.

Naitwa Ndunge, nimeolewa hapa Kibwezi, nalima nyanya na bamia kwenye shamba la kukodi karibu na mto. Mume wangu ni Mutisya, mtu wa Kilungu kule milimani, na kazi yake ni kupiga video za harusi na za matanga halafu kuja kuzikata na kuziunganisha kwa kompyuta. Kompyuta hiyo hakuinunua nzima, aliiunda mwenyewe hapa nyumbani kwa kutazama mafundi wa mtandaoni, akanunua kipande leo na kingine baadaye, prosesa ya mtumba yenye nguvu, kasha kutoka ofisi iliyofungwa, na kile chuma kikubwa chenye feni yake ndogo kinachokaa juu ya prosesa kuipoza, hicho kilikuwa kipya kabisa, ndani ya boksi lake. Mimi nilimshikia tochi ya simu akikaza skrubu. Ilipowaka mara ya kwanza tulikumbatiana kama watu waliopata mtoto.

Prosesa, Mama, ndiyo ubongo wa kompyuta, na ubongo huo ukipewa kazi nzito hupata moto, na moto ukizidi mashine yote inajizima. Yetu ilikuwa inapata moto tangu siku ya kwanza. Video ya harusi inachukua muda mrefu kusagwa mpaka iwe kitu kimoja, na ikifika katikati mashine inazima na kazi yote inarudi mwanzo. Mutisya alisema ni Kibwezi, na nani angembishia, hapa joto ndilo mwenyeji. Akatoa ubavu wa kasha, akaliinua juu ya matofali, akaning'iniza gunia lenye maji dirishani. Ikapata nafuu kidogo, haikupona.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Muli, alipooza upande mmoja. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mwaitu, hangeweza kumwinua peke yake kule Kilungu kwenye njia za miguu, kwa hivyo Mzee aliletwa kwetu ambapo ni tambarare na hospitali iko karibu. Dada ya Mutisya, Wavinya, ambaye ni mwalimu Emali, alimnunulia baba yake feni ndefu ya kusimama, akaileta mwenyewe, akaiwasha, akakaa kitandani mpaka akaona shati la baba yake linapepea. Nyumba yetu ina vyumba vya kulala viwili na sebule, na chumba kimoja tu ndicho kina dari ya mbao, vingine ni bati tupu. Tulimpa Mzee chumba cha dari, sisi tukalala chini ya bati.

Ilikuwa sawa mpaka joto la mwezi wa pili lilipoingia. Mutisya alisema kompyuta haiwezi kukaa sebuleni tena, itaungua, akaiingiza chumba cha dari pamoja na Mzee. Halafu akasema Mzee akikohoa anaharibu sauti ya maelezo anayorekodi juu ya video, na ni afadhali tubadilishane vyumba kwa muda tu, mpaka kazi za harusi zipungue. Mzee akahamishiwa chini ya bati, kwenye chumba ambacho jua la mchana linaegemea ukuta wake, na sisi tukahamia kwenye dari tukilala na mashine. Mimi nilisema si vizuri, lakini nilisema mara moja tu. Halafu siku moja nikatoka shambani nikakuta ile feni ya kusimama haiko kwa Mzee, iko mbele ya kompyuta, imeelekezwa kwenye kasha lililo wazi. Nikamwambia Mutisya, hiyo ni feni ya Baba. Akajibu bila kugeuka.

"Baba anaweza kuvumilia. Hii mashine haiwezi."

Alimnunulia Mzee kifeni kidogo cha mezani, ukubwa wa sahani, kinachosukuma tu joto kutoka pembe hii kwenda ile. Feni kubwa ilianza kwa kuazimwa mchana na kurudishwa jioni, halafu ikaacha kurudi. Mimi nilikuwa nikimpanguza Mzee kwa kitambaa cha maji, naloweka shuka namfunika, nafungua mlango upepo upite. Mutisya akiwa anarekodi anaufunga kwa sababu ya kelele. Mzee hakulalamika, na hata angetaka, ulimi wake ulikuwa mzito. Alikuwa mtu aliyezoea ukungu wa Kilungu na sweta mwezi wa saba. Siku moja nikimlisha alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akajitahidi mpaka jasho likamtoka, akasema, "Nirudisheni Kilungu." Nilimwambia Mutisya. Akasema kazi ya watu wa Mwingi ikiisha tutampeleka.

Siku hiyo ninayotaka kukueleza nilienda shambani asubuhi kwa sababu gari la mnunuzi wa nyanya lilikuwa linakuja. Nilimwacha Mzee nimemwosha, amekunywa uji, nikaweka kikombe cha maji karibu na nikamwambia Mutisya ampe kila mara, akaitikia. Gari lilichelewa. Niliporudi mlango wa Mzee ulikuwa umefungwa na Mutisya alikuwa kwa mashine, ameziba masikio na vile visikizio vikubwa, anamalizia harusi ya Mwingi, feni inavuma. Nilifungua mlango wa Mzee na joto lililotoka mle lilinifanya nirudi nyuma. Ngozi yake ilikuwa kavu na inachoma, macho yamegeuka. Kikombe kilikuwa pale pale nilipokiweka, kimejaa. Na ule mkono wake mzima ulikuwa bado umeegemea ukuta, na kwenye ukuta hapo chokaa ilikuwa imebanduka, ukucha mmoja umevunjika. Ni ukuta wa upande wa Mutisya, Mama Wariara. Alikuwa anagonga.

Jirani alitupeleka hospitali na gari lake. Daktari alisema mwili umechemka na umekauka, na mtu aliyepooza hawezi kujisaidia kwenye joto kama hilo. Akauliza alikuwa analala wapi. Mutisya akasema, ana chumba chake. Mzee hakuiona kesho yake.

Wavinya alifika kutoka Emali, lakini Mutisya alikuwa ametangulia nyumbani, na mimi nilipoingia nikaona feni kubwa imerudi kwa Mzee, imesimama imetazama kitanda kitupu. Wavinya aliishika ile feni, akasema kwa sauti ya chini, "Feni niliyomnunulia iko hapa. Sasa alichemka vipi?" Halafu Mutisya, akitazama sakafu, akasema:

"Labda Ndunge aliizima akienda shamba. Tokeni za stima zilikuwa karibu kuisha."

Nilimtazama. Hakunitazama. Nilifikiri ni mshtuko, nilifikiri atajisahihisha tukimaliza maombi, tukimaliza mazishi, watu wakishaondoka. Nilingoja. Mpaka leo nangoja. Tulipozika Kilungu wanawake hawakunipa kazi jikoni, kila nilichoshika mtu alikuja akakichukua taratibu. Mwaitu alinisalimia kwa ncha za vidole. Sikuweza kulia, na hiyo pia ilihesabiwa juu yangu. Mutisya alipiga video ya matanga ya baba yake mwenyewe, akaja akaiunganisha kwa mashine ile ile, na feni ile ile ikiipulizia.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yanayonifanya nikuandikie. Baada ya miezi kadhaa mashine ilianza kuzima tena hata feni ikiwa mbele yake. Mutisya alikuwa ameenda Mwingi kupiga harusi nyingine, na mimi niliogopa akirudi aikute imekufa, maana ndiyo inatulisha. Nina rafiki anaitwa Shiru, ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa mjini. Alikuja na bisibisi, brashi ya rangi, na kijitubu cha ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza ili joto lipite. Tukatoa vumbi, tukafungua skrubu nne, Shiru akakiinua kile chuma na kukipindua.

Chini yake, pale panapogusana na prosesa, kulikuwa na utando wa plastiki. Mwembamba, wa kubandika, ule ambao kiwanda huweka ili chuma kisikwaruzwe njiani. Umeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba uondolewe kabla ya kufunga. Mutisya alikuwa amepaka pesti juu yake. Wakati huo wote joto la prosesa lilikuwa linakosa njia ya kuingia kwenye kile chuma.

Shiru alicheka. "Ndunge, mliivalisha prosesa koti la mvua, na hapa Kibwezi!" Alicheka mpaka akashika meza, naye si mtu mbaya, hajui lolote, halafu akaona uso wangu akanyamaza. Nilimwambia naumwa na kichwa. Alibandua ule utando, akapangusa, akapaka pesti mpya, tukafunga. Tukaipa mashine ile kazi yake nzito mchana, jua likiwa kali, kasha limefungwa, bila feni ya nje kabisa. Ikasaga video yote na wala haikuzima. Niliweka mkono juu ya kasha. Lilikuwa na joto la kawaida tu, kama la mkono wa mtu mzima wa afya.

Niliokota ule utando na nimeuficha. Mutisya aliporudi nilimwambia tulitoa vumbi. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba tangu baba yake apumzike Mungu ameipoza mashine yake na kazi inaenda, na kanisa likasema amina, na mimi nimekaa kwenye benchi nimeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini.

Ningekuwa nimemwambia, Mama, lakini kuna neno alilosema. Amekonda, anaacha chakula, anakaa kizingitini mchana anaangalia barabara. Nilimkalia karibu nikamuuliza ana nini. Akaniambia, "Kitu kinachonishikilia ni kujua hakukuwa na njia nyingine. Siku nikijua ilikuwepo, Ndunge, mimi sitaamka." Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa.

Na sasa Mwaitu yuko peke yake Kilungu, mguu unamsumbua, na Mutisya anataka kumleta hapa kabla ya joto la mwezi wa kumi, akae chumba kile kile cha bati. Wavinya alinipigia simu. Hakutukana. Alisema, "Mama yangu hataingia kwa nyumba yako. Mmoja ametosha." Ukoo umeitwa ukae mwisho wa mwezi huu kule Kilungu. Na Mutisya ameniambia nisiogope, kwamba yeye atasimama mbele yao wote awaombe wanisamehe.

Wanisamehe mimi.

Naomba uniambie. Niende na ule utando niuweke mezani mbele ya ukoo wote wajue ni nani alimnyima Mzee feni na kwa sababu gani ya upuuzi, halafu Mutisya afanye alilosema? Au ninyamaze, nisamehewe kosa ambalo si langu, nimweke Mwaitu kwenye chumba hicho na niishi hivyo?

Ni mimi, Ndunge, Kibwezi.

*

Ndunge,

Majina nimeyabadilisha. Barua yako nimeisoma, nikatoka nje nikatembea, nikarudi nikaisoma tena. Pole kwa Mzee. Pole kwa jikoni kule Kilungu walikokunyang'anya sufuria mikononi. Sasa kaa, kwa sababu sitakubembeleza.

Naanza na lile lisiloweza kungoja, nalo si ukoo. Mume anayekonda, anayeacha chakula, na anayekwambia kwa utulivu kwamba hataamka, huyo ni mgonjwa, na umekaa na ugonjwa huo kimya kana kwamba ni siri ya chumbani. Leo, si Jumapili, mwendee mchungaji wenu au baba mdogo mmoja ambaye Mutisya anamheshimu, umwambie maneno hayo kama alivyoyasema. Mpelekeni hospitali mkiwa wawili, aonane na wale wanaohudumia watu wenye mawazo mazito, wapo na si aibu. Zile dawa unazonyunyizia nyanya, zitoe nyumbani, ziweke kwa Shiru au kwa jirani, na ufunguo usiwe kwako. Usimwache peke yake kwa sasa. Na umuulize waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai. Kumuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Kutomuuliza ndiko kunakomwacha nalo peke yake.

Sasa huo utando. Nilimuuliza kijana anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. Hakucheka. Alisema kosa hilo hulifanya watu wengi wanaojiundia mashine, na yeye pia lilimpata alipoanza. Basi. Mutisya hakuuona, na wewe uliyeshika tochi hukuuona. Hilo ni kosa la macho, na kosa la macho halina dhambi.

Lakini wewe umeukamata ule utando kana kwamba ndio uliomuua Mzee Muli, na hapo unajidanganya. Tuseme haukuwepo. Tuseme kila skrubu ilikazwa sawasawa na bado ile prosesa ilikuwa kali mno kwa nyumba ya bati ya Kibwezi. Je, ingekuwa halali kumtoa mzee aliyepooza kwenye dari na kumpokonya feni? Mumeo alisema mashine haiwezi kuvumilia. Si kweli, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba si kweli: moto ukizidi, mashine hujizima. Imeundwa hivyo ili isiungue. Inalala, inapoa, unaiwasha tena, umepoteza kazi ya mchana mmoja na mteja wa Mwingi amekasirika. Mwenye kugonga ukuta hakuwa na kitufe kama hicho. Njia nyingine ilikuwepo tangu mwanzo, Ndunge, na haikuhitaji bisibisi. Ilikuwa ni kuiacha mashine izime.

Hilo ndilo Mutisya analolijua moyoni, na ndilo linalomkondesha. Haogopi utando asioujua. Anaogopa ile feni aliyoirudisha mbio kabla dada yake hajafika.

Na wewe. Ulisema mara moja ukanyamaza. Uliloweka shuka, ulipanguza, ulilisha, na Mungu ameyaona hayo, lakini Emali si mbali na simu unayo. Wavinya angekuja siku hiyo hiyo akambeba baba yake. Hukumpigia kwa sababu ulikuwa unalinda jina la mume. Yatazame yaliyotoka kwenye ulinzi huo: Mzee yuko kaburini, jina lako limechafuka, na mume uliyemlinda anataka kukuombea msamaha. Sikwambii haya ili ubebe kosa lake. Lake ni lake. Nakwambia ili usirudie, maana unakaribia kurudia. Ukinyamaza mwisho wa mwezi huu, Mwaitu ataingia chumba kile, joto litaingia nyuma yake, na wewe utarudi kuloweka mashuka.

Kwa hivyo usiende Kilungu na utando mkononi. Ukiuweka mezani, wazee watauzungusha, kila mtu atauliza prosesa ni nini, wengine watamcheka fundi, na lile neno Mutisya alilosema juu yako litapotea katikati ya vicheko. Ukoo si mahali pa kuanzia. Pa kuanzia ni kwa Wavinya. Yeye ndiye aliyenunua feni, ndiye aliyeuliza swali, na ndiye aliyepewa uongo. Jibu la kweli ni deni analowadai, na mwenye kulilipa ni Mutisya kwa kinywa chake, kabla ya kikao, si ndani ya kikao.

Mwambie Mutisya hivi, mchungaji au baba mdogo akiwepo, mchana, mkiwa mmekula: "Ulisema nilizima feni. Sikuizima. Mimi nimekubebea hilo na siwezi kulibeba tena." Usiongeze utando siku hiyo. Atalia au atakasirika. Mwacheni. Akikubali, hatua inayofuata mtaiona wenyewe. Akikataa, mwambie wazi kwamba hutasimama Kilungu kusamehewa, na kwamba akianza kukuombea msamaha utasema ukweli mbele yake na mbele ya mama yake. Na ufanye hivyo. Si kulipiza kisasi. Ni kwa sababu kuna mama mzee ambaye mnataka kumhamisha.

Habari ya utando ataambiwa baadaye, akishaungama, akishaonana na daktari, akiwa na watu karibu. Lakini ataambiwa, na atasikia kutoka kwako. Shiru anaujua. Kibwezi ni mji mdogo na kile kisa cha koti la mvua ni kitamu kusimulia. Siku moja kitamfikia mumeo kikiwa mzaha wa saiba, na hapo ndipo pa hatari. Nenda kwa Shiru, umwombe asikisimulie. Huna haja ya kumpa sababu zote. Mwambie kuna msiba ndani yake. Rafiki wa kweli ataelewa kwa neno hilo.

Kuhusu Mwaitu, jibu langu ni fupi. Hataingia chumba cha bati. Kama hatapata chumba cha dari mwezi wa kumi, abaki Kilungu kwenye baridi yake, na nyinyi na Wavinya mpeane zamu ya kumtunza huko. Akija kwenu, analala kwenye dari na feni ni yake, usiku na mchana. Kompyuta iende chini ya bati. Iinueni kutoka sakafuni, ubavu wake usigusane na ukuta, mtoe vumbi kwa brashi kila mara maana vumbi la Kibwezi halina likizo, na pesti ibadilishwe ikikauka. Kazi nzito ipewe alfajiri kabla bati halijawaka. Mchana ikizima, izime. Mteja akipiga simu, Mutisya amwambie harusi yake itakuwa tayari kesho. Hakuna bibi harusi aliyewahi kufa kwa kungoja video.

Najua unataka nikuhakikishie kwamba ukifanya haya yote ndoa itasimama na Wavinya atakukumbatia. Siwezi. Wavinya anaweza kufunga mlango. Anaweza kumchukia kaka yake mpaka uzeeni, naye ana haki. Mwaitu anaweza kusikia jinsi mumewe alivyokufa na asitake kuwaona tena nyote wawili. Ni afadhali awakasirikie akijua kuliko awabariki akiwa hajui na huku mnamtandikia kitanda.

Kwa hivyo Mutisya akiwa tayari, usimwache aende Emali peke yake. Mwombe baba mdogo aandamane nanyi, na wewe upande gari ukae karibu na mumeo. Mkifika kwa Wavinya usimsaidie maneno, usimtafsirie, usimkatize hata akigugumia. Kaa upande wake, unyamaze, na umwache aseme mpaka mwisho.